Diski Iliyopoteza Orodha Yake: Nomino Tele, Sentensi Haba

Mjadala kuhusu jina la kompyuta katika Kiswahili umekuwa mrefu. Wapo walioshikilia tarakilishi, wapo waliotetea ngamizi, na wapo wengi zaidi ambao hawakungoja mjadala uishe, wakaendelea kusema kompyuta. Kipakatalishi nacho kilipokewa kwa furaha, maana kila anayeijua lugha alisikia humo kitenzi pakata, afanyavyo mama kwa mtoto aliye mapajani. Yote hayo ni mema. Hata hivyo, siku kipakatalishi kinapokataa kufanya kazi, hakuna jina hata moja kati ya hayo linalomfaa mwenye nacho. Siku hiyo ndipo inapobainika kwamba Kiswahili cha teknolojia kimetajirika kwa nomino, ilhali sentensi zake bado ni za kuokoteza.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa uzamili aliyerudi kutoka nyanjani na saa kadhaa za sauti za wazee: ngano, vitendawili, nyimbo za arusi, na masimulizi ya mtambaji ambaye huenda asipatikane tena. Mwanafunzi huyo anataka kusakinisha mfumo endeshi wa Ubuntu (ambao jina lake ni ndugu wa utu wa Kiswahili) kando ya Windows, kwa kuwa hautozi malipo. Ili kupata nafasi, sharti aigawe diski upya. Katikati ya shughuli umeme unakatika, na betri ya kipakatalishi chake ilikwisha kufa zamani. Au umeme haukatiki, ila anafuta sehemu asiyoikusudia. Anapobonyeza swichi tena, anakutana na kioo cheusi chenye mstari mmoja wa Kiingereza unaodai kwamba hakuna mfumo endeshi. Marafiki wanampa pole na methali ya maji yaliyomwagika. Fundi wa mtaani anampa suluhisho la haraka: kuiumbiza diski na kusakinisha Windows upya. Jioni mashine inafanya kazi vizuri kabisa. Ngano hazimo.

Ni rahisi kuulaumu umeme. Lakini katika visa vingi vya namna hii, umeme au kidole kilichoteleza huharibu kitu kidogo sana, na hasara halisi huja baadaye, kwa mkono wa yule anayetengeneza. Naye hutengeneza vibaya kwa sababu ule mstari mmoja umeeleweka vibaya. Kusema kwamba mfumo endeshi haupo ni tofauti na kusema kwamba haujaonekana. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili huitambua tofauti hiyo mtoto anapotafutwa jioni, seuze tasnifu ya miaka miwili. Mashine ilitafuta mahali ilipozoea, haikuona, ikatangaza kwamba hakuna.

Diski yaweza kufananishwa na nyumba iliyogawanywa vyumba kwa viambaza. Mlangoni pana karatasi ndogo inayosema chumba cha kwanza kinaanzia hapa na kuishia pale, cha pili kadhalika. Katika mtindo wa zamani wa kuigawa diski, karatasi hiyo hukaa katika sekta ya kwanza kabisa yenye baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni programu ndogo ya kuiamsha mashine, 64 zinazofuata ni jedwali lenye nafasi za sehemu nne tu, kila moja baiti 16, na mbili za mwisho ni alama ya uhalali. Jedwali likichafuliwa, baiti 64 zimepotea katika diski yenye mabilioni ya baiti. Viambaza vingalipo, na vitu vyote vimo vyumbani, ila hakuna ajuaye mlango wa kila chumba uko wapi. Mtindo mpya uitwao GPT umezidi kwa hadhari: nakala ya pili ya jedwali huwekwa mwishoni mwa diski, hivi kwamba ya mwanzo ikiharibika, ya mwisho yaweza kuirejesha. Methali ya maji, basi, imetumiwa mahali pasipo pake.

Hapa lugha yenyewe inahitaji kunyoshwa kidogo. Watu wengi husema tarakilishi haiwaki, wakimaanisha mambo mawili yasiyofanana. Kuna ile isiyowaka kweli, isiyo na taa wala mlio wa feni, ambayo matatizo yake ni ya umeme au vipuri. Na kuna ile inayowaka lakini haiamki: taa zinaonekana, jina la mtengenezaji linapita, kisha kimya. Ya pili ndiyo ya mwanafunzi wetu. Laiti angemwambia fundi kwamba mashine inawaka ila haiamki, na kwamba haikuamka mara tu baada ya diski kugawanywa, nusu ya uchunguzi ingekuwa imekwisha kufanywa.

Kanuni ya kwanza ya uokoaji ni ya kukataza: pasiandikwe chochote juu ya diski hiyo. Isiumbizwe, na lisikubaliwe ombi lolote la kuirekebisha papo hapo, kwani kila kiandikwacho chaweza kukaa juu ya kile kinachotafutwa. Katika diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kitendo cha kuumbiza kinaweza kuiamuru diski yenyewe iyasafishe maeneo yote ya zamani, na baada ya hapo hakuna programu ya kuyafufua. Kinachotakiwa ni kuiamsha mashine kwa njia nyingine. Flashi iliyotayarishwa katika tarakilishi ya rafiki, yenye Ubuntu ya kujaribiwa bila kusakinishwa, huiwezesha kuamka bila kuitegemea diski iliyojeruhiwa. Diski ya nje iliyo kubwa kuliko ile ya ndani ikipatikana, nakala kamili ya diski nzima ifanywe kwanza kwa programu kama ddrescue, na majaribio yote yafanyiwe nakala. Hatua hii huchukua saa nyingi na huchosha. Ndiyo maana mafundi wengi huiruka.

Kisha ndipo TestDisk huingia, programu ya bure iliyoandikwa na Christophe Grenier. Kazi yake ni kutembea diski nzima ikitafuta dalili za mwanzo wa kila sehemu, na kuipendekeza orodha iliyopotea. Jambo la kupendeza ni kwamba humruhusu mtumiaji kuyaona majina ya faili zilizomo katika kila sehemu kabla ya kuandika lolote, na hata kuzinakili faili hizo kwenda penginepo. Mwanafunzi akiyaona majina ya rekodi zake hapo, azinakili kwanza. Kurejesha jedwali kutafuata. Jedwali likikaa sawa na mashine bado haiamki, huenda kilichobaki ni kile kiamshi tu, nacho hutengenezwa kwa zana za urekebishaji zilizo katika diski au flashi ya kusakinishia mfumo endeshi wenyewe.

Si kila kisa huisha kwa furaha. Umeme ukikatika wakati yaliyomo yalikuwa yakihamishwa kutoka mahali hadi mahali, baadhi ya faili huenda zikapatikana vipande vipande, au zikapatikana na programu ya PhotoRec bila majina yao. Na iwapo Windows ilikuwa imeifunga diski kwa BitLocker, kama ilivyo katika vipakatalishi vingi vipya bila mwenyewe kufahamu, sharti upatikane ufunguo wa tarakimu 48, ambao aghalabu huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine.

Yamkini atatokea wa kupinga: wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya wanasoma Kiingereza, na maelezo ya haya yote yamejaa katika lugha hiyo, kuna haja gani ya kuyaandika kwa Kiswahili? Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama mstari ule wa kioo cheusi ungekuwa umeeleweka. Haukueleweka, na mwanafunzi aliyeusoma ana shahada. Kiingereza cha mafundi wa mitambo si kile cha darasani, na hofu nayo humnyang'anya mtu hata hicho alicho nacho.

Juhudi za kuiswahilisha tarakilishi hazikuanza jana. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, tunda la mradi wa Kilinux uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Microsoft nayo ikatafsiri menyu za Windows. Kazi hizo zastahili heshima. Lakini zote ziliishi ndani ya mfumo endeshi. Diski inapopoteza orodha yake, tafsiri hiyo imelala ndani ya chumba kisichofunguka, na Kiswahili kinakosekana saa ile ile kinapohitajika zaidi. Maelezo ya saa hiyo hayana budi kukaa nje ya mashine, kwenye karatasi.

Karatasi hiyo yaweza kuandikwa na wanafunzi wa Kiswahili wenyewe, wala hawana haja ya kungoja kamati ya istilahi iamue kama sehemu ya diski iitwe kizigeu au jina jingine. Ukurasa mmoja wa mbele na nyuma watosha, ukibandikwa mlangoni pa maabara ya tarakilishi na katika ofisi ya chama. Uanze na makatazo, ufuate maswali matatu ya kumuuliza mwenye mashine, ndipo zije hatua za uokoaji. Wahadhiri wa isimu wangeweza kuufanya zoezi la kozi ya tafsiri badala ya kuwapa wanafunzi dondoo za magazeti kila muhula. Rasimu ikiwa tayari, atafutwe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyejua lolote la diski, apewe kipakatalishi kikuukuu kisicho na kitu cha thamani, jedwali lake lifutwe makusudi, aachwe na karatasi peke yake. Waandishi wakae kando na kalamu, kimya, waweke alama katika kila mstari atakapoinua macho kuuliza.