Shinkolobwe: tusiishie kulaumu urani, tupime tezi

Hapa Likasi, mtu akiota uvimbe shingoni, majirani wana jibu tayari: ni urani ya Shinkolobwe. Sikubaliani nao, ingawa naelewa hofu yao. Mgodi ule, kilometa kama 20 tu kutoka mjini, ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Nani asiogope?

Lakini tezi ya tiroidi, ile iliyokaa mbele ya koo, ina maadui wake. Mionzi iliyoharibu tezi za watoto baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986 ilitoka kwenye iodi inayozaliwa ndani ya mtambo wa nyuklia. Jiwe la urani lililolala udongoni si mtambo. Lenyewe linadhuru kwa njia nyingine: gesi ya radoni inaharibu mapafu, na urani ikimezwa inaumiza figo. Goita ya zamani nchini kwetu ililetwa na ukosefu wa iodi. Kisiwani Idjwi, kwenye Ziwa Kivu, watafiti waliichunguza tangu miaka ya 1960, kabla chumvi yenye iodi haijaenea.

Adui tusiyemtaja ni kobalti, na ndiyo iliyowavuta wachimbaji wa mikono Shinkolobwe. Januari 2004 Rais Joseph Kabila aliamuru mgodi ufungwe. Julai mwaka ule ule shimo likaporomoka, watu wakafa. Walikuwa bado wanachimba, kwa sababu watoto nyumbani walitaka kula.

Miaka ya 1950, wanganga wa Marekani waliwapa wagonjwa wa upungufu wa damu, wakiwemo watoto, dawa ya kobalti. Baadhi yao shingo zilivimba na tezi ikalegea. Dawa ilipokatwa, wakapata nafuu. Kobalti inaizuia tezi kushika iodi. Dozi zile zilikuwa kubwa, nakubali. Lakini mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba mkojo wa wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga ulikuwa na kobalti nyingi kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Miongoni mwao walikuwemo watoto.

Ulaya kuna dawa ya sklerozi, ugonjwa unaoshambulia ubongo na uti wa mgongo. Inaitwa alemtuzumab, na inajulikana kwa kuvuruga tiroidi. Mgonjwa anayeipokea anapimwa damu kabla ya kuanza, halafu kila miezi 3, mpaka miaka 4 baada ya dozi ya mwisho. Hawangoji shingo ivimbe. Kwetu mama anachoka bila kazi, anahisi baridi wakati wa joto, mimba zinatoka, na anaambiwa ni malaria au ni uchawi. Kumbe kipimo ni kimoja cha damu, TSH, na dawa ni kidonge kimoja kwa siku. Mtoto anayezaliwa na tezi iliyolala, asipogunduliwa mapema, akili yake haikui vizuri, na hapo hakuna kidonge cha kurudisha nyuma.

Pesa? Tangu Novemba 2018 kobalti ni madini ya kimkakati, serikali inatoza redevansi ya asilimia 10. Kwa sheria ya madini ya mwaka ule, asilimia 25 ya redevansi ni ya jimbo na 15 ni ya mji au sekta ambako madini yanachimbwa. Waheshimiwa wa Haut-Katanga wanapokaa kujadili bajeti, nataka nione mstari mmoja: TSH ya bure kwa wajawazito, watoto wachanga na wachimbaji wa Likasi na Kambove. Waanze na wajawazito, maana wao wanafika kliniki hata bila kuitwa.