Lamu au Wasini? Kabla ya kulipa, jiulize kama unajua kuogelea

Kila likizo ikikaribia, kwenye kila grupu la WhatsApp lazima atokee msee mmoja aulize: "Jamani, Desemba tunaenda wapi?" Wa kwanza anasema Diani. Wa pili anasema Zanzibar, na hata pasipoti hana. Halafu mtu mtulivu, yule ambaye huwa haongei sana, anaandika: "Twende kisiwani, lakini hapa hapa Kenya." Mjadala unabaki na majina mawili: Lamu na Wasini.

Visiwa hivi vyote nimefika, tena kwa pesa nilizochanga mwenyewe kwa kuandikia watu vitu mtandaoni, hasla niliyoianza baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Sina kampuni ya utalii wala binamu mwenye hoteli. Kwa hivyo nipe dakika chache kabla hujatuma pesa zako.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usinisome ukibahatisha. Ukiwa na siku nne au chini yake, na unachotaka ni maji, nenda Wasini. Ukiwa na wiki nzima na miguu inayopenda kutembea, nenda Lamu. Lakini kuna swali linalotangulia yote hayo, na wengi wetu tunalikwepa kwa aibu. Nitalifikia.

Tuanze na njia, maana hapo ndipo likizo nyingi za vijana hufia.

Wasini iko Kaunti ya Kwale, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Ukishuka treni ya SGR Miritini, unaenda mjini, unavuka Likoni kwa feri (watembea kwa miguu hawalipi), kisha unapanda matatu ya kwenda Lunga Lunga. Mwambie makanga akushushe njiapanda ya Shimoni, halafu uchukue boda au gari dogo hadi baharini. Toka Mombasa hadi Shimoni ni kama kilomita 80. Ukifika hapo, kisiwa unakiona kwa macho. Mashua inakuvusha mkondo na umefika. Ukitoka Nairobi usiku, mchana wa siku inayofuata unaweza kuwa unakula kaa kisiwani.

Lamu ni habari nyingine. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Malindi na Garsen. Basi linaishia Mokowe, halafu unapanda boti hadi mji wa Amu. Ukihesabu na safari ya Nairobi, siku nzima mbili zinaliwa na kwenda na kurudi. Na tusifichane: barabara ile imewahi kushambuliwa, na mambo ya Mpeketoni ya Juni 2014 watu hawajasahau. Ndiyo maana utakuta vizuizi vya polisi njiani. Beba kitambulisho, safiri mchana, na uliza wenyeji hali ikoje wiki hiyo. Mwenye pesa anapanda ndege hadi kisiwa cha Manda, anavuka kwa boti dakika chache, basi. Wewe na mimi tunajua tuko kundi gani.

Sasa fanya hesabu. Mtu mwenye siku nne akienda Lamu kwa basi anabaki na siku mbili za kufurahia, na ya kwanza analala kwa uchovu. Mwenye siku hizo hizo akienda Wasini anapata karibu tatu. Hiyo si hadithi, ni ramani.

Je, utafanya nini huko?

Wasini ni kisiwa kidogo, kirefu na chembamba, hakina magari. Kuna kijiji cha Wasini upande mmoja na Mkwiro upande wa pili, na kijia cha kutembea kati yake. Wenyeji ni Wavumba, na Kivumba chao kitakufanya uhisi Kiswahili chako cha Nairobi ni cha kununua. Kando ya kijiji kuna bustani ya matumbawe ya kale, mawe makubwa yenye maumbo ya ajabu yaliyobaki nchi kavu, na juu yake kuna njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha akina mama wa hapo. Kiingilio unawalipa wao. Upande wa bara, Shimoni, kuna mapango yanayokumbusha biashara ya watumwa, nayo yanasimamiwa na wanakijiji. Ingia kwa heshima, usiende kupiga picha za kucheka.

Lakini kinachowapeleka wengi ni Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, ambayo imelindwa tangu miaka ya 1970. Humo utaona pomboo, kasa ukiwa na bahati, na samaki wa rangi ambazo ukimweleza mtu mtaani anadhani umevuta kitu. Ada ya KWS hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo maliza kulipa ukiwa bado na mtandao mzuri.

Lamu nayo uzuri wake ni wa miguu na tanga. Mji wa kale uliingizwa kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini leo siongelei majumba, naongelea nje. Kutoka Amu hadi Shela ni mwendo wa dakika 45 hivi kando ya bahari. Nenda maji yakiwa yamekupwa, la sivyo njia utaikuta imelowa. Baada ya Shela kuna ufuo mrefu wa kilomita kama 12, na nyuma yake vilima vya mchanga ambapo unaweza kutembea asubuhi nzima bila kukutana na mtu. Ukitaka kuona mafundi wa mashua na wasusi wa mikeka, tembea upande wa pili wa kisiwa hadi Matondoni. Manda kuna magofu ya Takwa, mji ulioachwa karne ya 17, na mashua huingia kule kupitia mikoko wakati maji yamejaa tu. Ukimharakisha nahodha hutamsaidia. Bahari ndiyo inayoamua saa.

Hapo ndipo ninasema Lamu haitaki mtu wa haraka. Kule kila kitu kinafuata maji, upepo na adhana. Ukienda kwa siku mbili utarudi ukisema "Lamu ni boring", na kosa litakuwa lako.

Majira pia ni muhimu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Bahari inakuwa tulivu kiasi na maji maangavu, na huo ndio wakati mzuri wa kutazama matumbawe. Kusi huanza kuvuma karibu Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi, mawimbi yanakuwa makali nje ya mwamba na maji yanachafuka. Faida yake ni kwamba kati ya Julai na Septemba nyangumi kutoka bahari baridi za kusini hupita pwani yetu. Kwa hivyo anayekwambia "njoo wakati wowote, ni sawa tu" anataka pesa yako.

Haya, sasa lile swali. Unajua kuogelea?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza Wasini. Tulikuwa tisa kwenye mashua, watu wa Nairobi watupu, wengi hatukujuana. Tulipofika Kisite, kijana wa mashua akauliza: "Nani hajui kuogelea? Aseme, hakuna shida." Dada mmoja aliinua mkono, akapewa jaketi ya kuokoa maisha na boya la kushika. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimewahi kupiga maji mara mbili tatu kwenye dimbwi la hoteli moja, upande wa watoto, miguu ikigusa chini. Nikaona hiyo inatosha. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya mbele ya watu nisiowajua.

Nikavaa miwani na mrija, nikaruka. Sekunde kumi za kwanza zilikuwa tamu. Halafu maji yakaingia kwenye mrija, nikakohoa, nikatafuta chini kwa miguu, chini hakuna. Ukiwahi kufika hapo utajua kwamba hakuna kelele wala kupunga mikono kama kwenye filamu. Unazama kimya kimya, na watu wako mita tano kutoka kwako wakiangalia samaki.

Yule kijana aliniona. Alinishika kwapa, akanipandisha kwenye boya, akakaa nami hadi nikapumua sawasawa. Hakunigombeza. Aliniambia tu: "Ungesema, ndugu yangu. Ningekushika mkono tangu mwanzo."

Maneno hayo nimeyabeba hadi leo, kwa sababu hayakuhusu kuogelea peke yake. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, niliwaambia mabeste wangu "nimechukua brek kidogo." Mwaka mzima nilidanganya hivyo, na kumbe wawili kati yao walikuwa na njia ya kunisaidia wakati bado kulikuwa na nafasi. Aibu imenigharimu shahada. Siku ile ilikaribia kunigharimu maisha. Sitaki ikugharimu wewe.

Wengi wetu tulikulia mbali na maji. Shule za msingi tulizosoma zilikuwa na uwanja wa vumbi, si bwawa. Hakuna fedheha kutojua kitu ambacho hakuna aliyekufundisha. Fedheha iko kwenye kujifanya. Kwa hivyo ukiulizwa kwenye mashua, inua mkono juu. Vaa jaketi, hata kama itakuharibia picha. Tena ukiwa na miezi miwili kabla ya safari, tafuta bwawa mtaani kwenu ulipie masomo kadhaa. Bei yake ni ndogo kuliko ya kamera unayotaka kuazima.

Na hapo pia kuna jambo letu sisi wateja. Tunapenda sana kuangusha bei. Grupu linafika gatini, tunaanza: "Boss, tufanyie chini kidogo, tuko wanafunzi." Nahodha anashuka, anashuka tena. Umewahi kujiuliza anapunguza wapi? Mafuta hawezi kupunguza, atakwama baharini. Anachoweza ni kupakia watu wengi zaidi, kumwacha yule kijana wa pili nyumbani, au kutumia jaketi zilizochakaa. Ile Sh300 uliyoshinda kwa mdomo inaweza kuwa ndiyo mshahara wa mtu ambaye angekuona ukizama. Mimi nimeacha kubishania bei ya mashua. Naomba kuona jaketi kwanza, nahesabu kama zinatutosha sote, ndipo naongea pesa. Zikipungua, sipandi, hata kama wenzangu wamekasirika.

Mambo mengine ni adabu ya kawaida. Usikanyage matumbawe, joto la El Niño la 1998 liliua mengi pwani hii, na Wasini wenyewe wamekuwa wakiyapanda upya pamoja na watafiti wa KMFRI. Usimwambie nahodha awakimbize pomboo ili upate video. Kisiwa hakina mto, na kwa miaka mingi wakazi wametegemea maji ya mvua na yanayovushwa kutoka bara, kwa hivyo usioge nusu saa ukiimba. Wasini na Lamu ni vijiji na miji ya Waislamu wenye heshima zao. Nguo za kuogelea zibaki ufuoni, na ukimkuta mzee njiani, mwamkie shikamoo kabla ya kuuliza njia. Utashangaa milango itakavyofunguka.

Basi chagua. Una wikendi ndefu, una hamu ya maji na mfuko umebana? Wasini, na uende wakati wa kaskazi. Una siku saba, viatu vizuri na subira? Lamu, na usipange kila saa. Huna hata kimoja kati ya hivyo mwaka huu? Weka akiba, visiwa haviondoki. Mimi nilichanga miezi mitano kufika Wasini mara ya kwanza, na mama akaniuliza kama nimepata wazimu.

Mwaka jana nilirudi. Nilikuwa nimejifunza kuogelea, si sana, lakini naelea. Yule kijana alikuwa bado kwenye mashua ile ile, na akauliza lile swali lake: "Nani hajui?" Niliinua mkono wa kwanza, nikamwambia najua kidogo, niko na woga. Nyuma yangu mikono mingine minne ikainuka.