Picha Hii Ni ya Nani?

Mnunuzi wa picha takatifu za kale huugeuza ubao na kuukagua nyuma kabla hajamtazama Bwana aliyechorwa mbele. Anatafuta aina ya mti, alama za tezo, chokaa iliyopakwa chini ya rangi, apate kujua ilikochorwa. Kazi hiyo haina ubaya. Ubaya huanza jibu lake linapotumiwa kuusafisha wizi.

Ndivyo ilivyoipata Kwer'ata Re'esu ya Ethiopia, picha ya Kristo mwenye taji ya miiba. Wataalamu wameuchunguza uchoraji wake na kusema ni mkono wa Ulaya, wa Ureno au Flanders. Sina ugomvi nao. Ethiopia ilikuwa na wachoraji wake, kama mtawa Fere Seyon wa karne ya 15, na iliwapokea wageni pia. Niccolò Brancaleon wa Venice alichora huko miaka mingi. Lakini wapo wanaorukia neno hilo wakisema: kumbe ni ya Ulaya, basi imerudi kwao!

Imerudi kwa nani? Wafalme wa Gondar waliibeba vitani, na watu waliapishwa mbele yake. Jeshi la Sennar lilipoiteka mwaka 1744, Waethiopia waliigomboa. Nani hugomboa kisicho chake? Kengele za makanisa yetu ya zamani huku Tanzania, nyingi zilitoka Ujerumani. Je, zikilia Jumapili zinawaita Wajerumani?

Aprili 1868 Waingereza waliivamia ngome ya Maqdala. Mfalme Tewodros alijiua, na Richard Holmes, aliyetumwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza, akaichukua picha ile. Hata waliomtuma hakuwapa; aliiweka nyumbani kwake. Mwaka 1917 ikauzwa mnadani London, kama samani za marehemu.

Hiyo ndiyo asili ambayo muuzaji haandiki kwenye karatasi yake: ilitolewa wapi, na nani, na waliokuwa wakisali mbele yake walibaki na nini. Ubao hauwezi kumjibu hayo, hata aukague kwa lenzi gani.

Tena msiniambie kurudisha ni ndoto. Kanisa la Mtakatifu Yohane la Edinburgh, Waanglikana, lilikuta katika kabati lake tabot, ubao mtakatifu wa madhabahu ya Kiethiopia uliotoka Maqdala. Wakaurudisha mwaka 2002, na umati wa watu ukaupokea Addis Ababa.

Lile jumba la London bado lina tabot 11, zimefungiwa mahali ambapo hakuna mgeni anayeruhusiwa kuziona. Wasimamizi wake husema sheria ya nchi yao inawafunga mikono. Haya, wana sheria yao. Lakini sheria hiyo ya jumba la London haimfungi mtu binafsi aliye na Kwer'ata Re'esu.