Nyota Haibebi Viazi, Sawa. Lakini Soma Hii

Kuna watu wawili ambao hawatawahi kuelewana kuhusu pikapu. Wa kwanza ni yule analipwa kupima magari. Anapewa gari mpya wiki moja, tangi imejaa, tairi zinang'aa, anaiendesha akiwa peke yake, halafu anatoa alama. Wa pili ni yule ameinunua kwa pesa yake na anaamka saa tisa usiku kupakia viazi. Waweke hawa wawili meza moja na chai itapoa kabla wakubaliane chochote.

Mimi niko upande wa wenye magari. Karibu kabisa. Kuna mahali pamoja tu naachana nao, na ni mahali pa maisha na kifo, so vumilia nifike huko.

Chukua lile lalamiko la kila rivyu: "nyuma inaruka." Ni kweli inaruka. Nyuma ya pikapu nyingi za kazi kuna springi za vyuma bapa, zimepangwa moja juu ya nyingine kama chapati, na zimetengenezwa zibebe karibu tani moja. Ukiendesha kama nyuma ni tupu, lazima uonje kila shimo. Weka mzigo na gari inatulia kama mtu ameshiba. Kuikata alama kwa sababu hiyo ni kama kusema sufuria ya harusi ni mbaya kwa vile haikai vizuri kwa jiko ya bedsita.

Ama hizi alama za Marekani ambazo watu hupenda kushea. J.D. Power wako na utafiti maarufu wa ubora, na wanahesabu matatizo kwa kila magari 100 katika siku 90 za kwanza za umiliki. Siku tisini! Na kwa miaka ya karibuni, sehemu inayoletea magari mapya malalamiko mengi ni skrini na mambo yake: simu haiungani, sauti haiskiki, menyu inachanganya. Sasa mwambie hivyo mwenye pikapu wa Kenya, ambaye atakaa na gari miaka kumi na tano na redio ilishaibiwa mwaka wa pili. Swali lake ni lingine kabisa. Klachi ikiisha nikiwa Narok, kuna fundi ataijua? Spea yake iko Kirinyaga Road ama ni ya kuagiza Japani ukingoja wiki tatu? Nikitaka kuiuza kesho, nitapata mteja kabla ya saa sita?

Ndio maana Land Cruiser ya mfululizo wa 70 bado inauzwa. Hiyo gari ilitoka 1984. Ndani imenyooka kama ofisi ya chifu, na mpimaji yeyote wa starehe akipanda anaanza kuhurumia mgongo wake. Lakini nenda Marsabit ama Turkana uone polisi na mashirika wanaendesha nini. Huko hakuna mtu anauliza kama kiti kina joto. Wanauliza kama itarudi.

Anko yangu yuko South Kinangop na ako na Hardbody kuukuu. Inabeba kabichi na viazi kutoka Njabini, inapanda hadi Flyover, inashika barabara ya Nakuru na kupita kwa ukungu wa Kinale hadi Nairobi. Nilimwuliza alisoma rivyu gani kabla aichukue. Alinitazama vile mtu mzima humtazama mtoto ameuliza kama mvua inalipiwa. Rivyu yake ilikuwa jirani. Jirani alikuwa na moja, alikuwa anabeba mzigo ule ule, kwa barabara ile ile, miaka sita. Hiyo ni data, wasee. Hakuna mpimaji wa Ulaya ataweza kumpa anko habari bora kuliko hiyo.

Na hapa sasa ndio tunaachana.

Kwa sababu wenye magari, baada ya kugundua kwamba alama nyingi hazikutengenezwa kwa ajili yao, wametupa zote kwa pipa moja. Skrini, starehe, sauti ya injini, na nyota za ajali, zote ni "mambo ya wazungu." Hapana. Hizi za mwisho si za ladha. Kifua cha mtu wa Kinangop na kifua cha mtu wa Stockholm vinavunjika kwa nguvu ile ile.

Kuna jarida la Sweden linaitwa Teknikens Värld. Wao wana jaribio la kukwepa: dereva anakata kona ghafla kama ambaye ameona moose barabarani, kisha anarudi kwa leni yake. Mwaka wa 2016 walijaribu Toyota Hilux na ikainuka magurudumu ya upande mmoja, kwa mwendo wa kama 60 kwa saa. Ilikuwa mara ya pili. Hilux ya 2007 pia ilikuwa imewatetemesha hivyo hivyo. Mashabiki wa Hilux walicheka. Na wewe najua unataka kucheka: moose ni nani Kenya? Sawa, hatuna moose. Tuna punda. Tuna ng'ombe anavuka kama amelipa kodi ya barabara, boda anayetokea kushoto bila taa, na matatu inayosimama bila kuaga. Kama kuna nchi inahitaji jaribio la kukwepa, ni hii. Na baada ya zile kelele, Toyota waliirekebisha gari. Hiyo ndio kazi ya mpimaji mtundu. Jirani wa anko, na miaka yake sita, hangeweza kuwafanya Toyota wabadilishe hata skrubu.

Lakini ile iliniumiza ni ya Hardbody.

Global NCAP ni shirika linalogonganisha magari makusudi na kutoa nyota, kuanzia sufuri hadi tano. 2018 walipima magari yanayouzwa Afrika, na Nissan NP300 Hardbody ikapata sufuri kwa usalama wa watu wazima. Si moja. Sufuri. Mwendo ulikuwa 64 kwa saa, ule ambao matatu ya Rongai huita kusimama. Mifuko ya hewa ilikuwepo, lakini kabini yenyewe ilikunjika, na mfuko wa hewa hauwezi kukusaidia kama nafasi uliyokalia imeisha.

2020 wakafanya jambo la kikatili zaidi. Walichukua Hardbody mpya ya Afrika Kusini na kuigonganisha uso kwa uso na Navara NP300 ya 2015 iliyokuwa imeshatumika Ulaya. Kampuni moja. Moja mpya kutoka kiwandani, nyingine mtumba. Tathmini yao ilikuwa kwamba dereva wa ile mpya ya Afrika huenda angekufa, na yule wa mtumba ya Ulaya huenda angetoka akitembea.

Rudia hiyo sentensi polepole.

Wazee watakuambia gari ya zamani ni chuma, hizi mpya ni plastiki, zinakunjika kama kopo ya soda. Mbele inakunjika kwa sababu imetengenezwa ikunjike. Ile nguvu ya mgongano lazima iende mahali. Bampa na boneti zikiimeza, kabini inabaki wima. Zikikataa kuimeza, inakuja hadi kwa usukani, na kutoka kwa usukani inakuja kwako. Bampa ambayo haijapata hata mkwaruzo baada ya ajali si habari njema kila wakati.

Na tusijidanganye kwamba pikapu zetu zinatembea polepole kwa sababu ni za kazi. Uliza mtu wa Maua kuhusu pikapu za miraa. Mzigo unaharibika kwa siku chache, ndege inangoja, dereva anakimbizana na saa. Hayo ndiyo matumizi halisi ambayo wenye magari husema wapimaji hawayajui, na ndiyo hayo hayo yanahitaji kabini isiyokunjika. Barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa hesabu ya NTSA. Halafu ongeza vile sisi hufanya: mbele watu watatu, nyuma vijana wanne wamekaa juu ya magunia. Hakuna shirika linalopima hao wanne. Hao hawana hata sufuri.

Kuna mtego hapa pia, na wauzaji wanaujua. Nyota ni za gari iliyopimwa, si za jina lake. Isuzu D-Max ya sasa ilipata nyota tano Australia mwaka wa 2020. Safi sana. Lakini ukiambiwa sokoni "hii ni nyota tano," uliza: hii hii iliyo mbele yangu? Ina mifuko ya hewa mingapi? Ina ule mfumo wa kuzuia gari kuteleza kwa kona? Kama muuzaji anaanza kukuonyesha kamera ya kurudi nyuma, umeshapata jibu.

Sasa kwa wenzangu wa kamera, maana mimi pia natengeneza kontenti na najua vile droni hupendeza. Tumechoka na pikapu tupu inayopiga kona Naivasha machweo. Pakia magunia kumi ya viazi. Panda nayo mlima. Tuonyeshe inasimamaje ukishuka, breki zikinuka au zisinuke. Pigia mtu wa spea simu kwa kamera, uliza bei ya klachi na shoki. Muulize mama anayepakia kama ubao wa nyuma uko juu sana kwake. Kisha dakika mbili tu, bila muziki, mwambie mtazamaji kama hiyo gari imewahi kugonganishwa na nini kilitokea.

Anko anataka kubadilisha gari mwaka ujao. Ameniandikia orodha kwa karatasi ya daftari: mzigo, mafuta, spea, bei ya kuuza. Nilimwambia aongeze kitu cha tano. Akaniuliza, "Hiyo nyota inabeba magunia mangapi?" Bado tunabishana. Wiki iliyopita nilimtumia ile video ya magari mawili ya 2020. Ameiona, tiki ni za buluu, lakini hajajibu, na kwa mtu anayejibu kila kitu kwa emoji ya kucheka, hiyo si kawaida.

Kama nyumbani kwenu kuna pikapu, nenda uangalie leo: ni ya mwaka gani, mifuko ya hewa iko mingapi, na nani hukaa nyuma. Niandikie umepata nini. Nakusanya.