Faini ya Mume, Mzigo wa Mke

Faini anayotozwa mume kwa kumpiga mkewe huingia serikalini. Mke aliyeumizwa kwa kawaida hapati hata senti, na mara nyingi fedha hizo hutoka katika mfuko uleule unaomlisha yeye na watoto. Adhabu ya namna hiyo humwadhibu aliyekosewa.

Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwanandoa kumchapa mwenzake, lakini mashtaka hufunguliwa chini ya Kanuni ya Adhabu. Kwa kifungu chake cha 241, shambulio la kudhuru mwili lina kifungo cha hadi miaka 5. Hakimu anaweza kutoza faini badala yake. Asiyelipa huenda jela.

Hapo ndipo mke anapobanwa. Chukua mfano wa mama muuza maandazi wa Tumbi, Kibaha. Akishapigwa, mara nyingi hupitia polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ndipo akatibiwe Hospitali ya Tumbi. Kuna nauli ya bodaboda, kuna dawa, kuna siku kadhaa bila kukaanga. Mume akitozwa laki mbili, mashemeji humjia: “Baba watoto aozee ndani?” Mtaji wa unga na mafuta, pamoja na zamu yake ya mchezo wa kupeana fedha, vyote huishia kwenye faini. Akikataa, kodi ya chumba humwangukia peke yake, na lawama za ukoo juu. Anayeyajua hayo mapema haendi kabisa Dawati la Jinsia la polisi.

Sheria imeacha njia nyingine. Kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu kinairuhusu mahakama kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyeumia. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu kazi ya umma bila malipo badala ya kifungo kisichozidi miaka 3; njia hiyo itumike ilimradi usalama wa mke umehakikishwa kwanza. Kenya, kwa sheria yake ya ukatili wa majumbani ya mwaka 2015, imeweka amri ya ulinzi na fidia mahali pamoja.

Kwa hiyo, kabla ya kutoza faini, mahakama iulize itatoka mfukoni mwa nani. Mwendesha mashtaka naye aombe fidia waziwazi, akiambatanisha risiti za matibabu na hesabu ya siku za kazi zilizopotea.