Pansioni haitoshi, lakini kuna wazee wanaoishi nayo na amani

Kila miezi tatu, wakati CNSS inaanza kulipa, mistari inaonekana tena mbele ya gishe, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wazee wamevaa vizuri, karatasi zao mu mfuko ya plastiki, wengine na mjukuu wa kuwashika mkono. Maneno ni yale yale: « Hii feza njo ya kufanya nini? » Na ni kweli. Yule aliyepiga kazi miaka 30 chini ya udongo, halafu anapewa franga ambazo hazimfikishi mwisho wa mwezi wa kwanza, ana haki ya kukasirika.

Lakini tuangalie vizuri mu makartye yetu. Tunawajua wote wazee wawili waliotoka ku kazi mwaka mmoja, na pansioni zao karibu sawa. Mmoja anakula bukari yake mara mbili ku siku, hana deni ku mtu, asubuhi anakaa chini ya muembe anasikiliza radio. Mwengine anazunguka kwa watoto na kwa majirani kuomba. Tofauti haitoki ku gishe. Inatoka ku yale mambo yaliyopangwa, au hayakupangwa, wakati mshahara ulikuwa ungali unaingia. Hapo njo tunataka kusema na wale ambao wako ku kazi leo, kwa sababu wazee, wao, wanajua tayari.

Kwanza tukumbuke mshahara wa zamani ulikuwa nini. Union Minière, iliyoanza mwaka 1906, na Gécamines iliyokuja nyuma yake, hazikulipa mfanyakazi franga tu. Zilimpa nyumba mu kambi, poso ya unga kwa hesabu ya watoto, hospitali, masomo. Ndiyo maana wazee walisema kazi ni baba na mama. Sasa, pansioni inahesabiwa ku franga za ku karatasi ya mshahara. Haihesabiwe ku unga, wala ku dawa, wala ku nyumba. Siku mzee anatoka, anapoteza vitu vine mara moja, na anarudishiwa sehemu ya kimoja tu. Hata kama feza ingelipwa vizuri na kwa wakati, pengo lile lingebaki.

Halafu feza yenyewe ilikufa mikononi mwa wenyewe. Mwaka 1993 zaire 3.000.000 za zamani zilibadilishwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikakuwa franga 1. Piga hesabu: franga moja ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire za zamani miliari 300. Mtu aliyekatwa ku mshahara tangu miaka ya 70, makato yake ya ujana yaliisha kama chumvi mu maji. Na wakati ule ule mgodi wa Kamoto ulikuwa umeanguka, Septemba 1990. Kampani iliyotoa karibu tani 476.000 za shaba mwaka 1986 ilikuwa inapiga magoti, na miezi ilipita bila mshahara.

Mwaka 2003 ikakuja ile kazi ya « départs volontaires » iliyosaidiwa na Banque mondiale. Wafanyakazi 10.655 wa Gécamines walitoka, wakapewa feza mara moja. Tunasikia mpaka leo watu wanawacheka: « Balikula feza yote mu bia na mu motokari. » Hatukubali. Wengi walikuwa na madeni ya miezi mingi bila mshahara, watoto waliofukuzwa ku masomo, wagonjwa mu nyumba. Feza ilipofika, ilikuta mashimo yakiingojea. Na nani alikuwa amewafundisha kupanga feza kubwa? Kampani ilikuwa imepanga kila kitu mu nafasi yao tangu kuzaliwa.

Lakini mu ile hesabu ya 10.655, na kati ya wale waliotoka nyuma yao, wako waliosimama. Walifanya nini?

Wengi wao wana nyumba yao. Tunasema yao, yenye karatasi mu jina lao. Pansioni ndogo ambayo hailipi nyumba ni tofauti kabisa na pansioni ile ile inayolipa nyumba. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mzee anapokea franga 300.000 ku miezi tatu. Ni 100.000 ku mwezi, kama 3.300 ku siku. Akiwa lokateri, feza imeisha mbele ya kununua chumvi. Akiwa ku nyumba yake, na vyumba viwili vya nyuma anavyopangisha kwa vijana wa migodi, balokateri wanamletea kila mwezi kile ambacho CNSS inamletea kila miezi tatu. Wazee wengine walifanya hivyo pole pole: matofali ya kuchoma leo, manjanja mwaka ujao, mlango ule mwengine. Haikukuwa nyumba ya kuonyesha watu.

Kuhusu Kolwezi tuseme neno moja pembeni. Tangu 2014, Kasulo, watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Feza ilionekana haraka. Lakini nyumba yenye shimo chini haiko tena nyumba, na kijana anayeuza parseli ya baba yake sababu ya mawe, anauza uzee wa baba na wa kwake pamoja.

Kisha kuna shamba, na hapa tunakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaona kulima ni kazi ya kijiji. Famiya ya watu wane inamaliza karibu mfuko moja ya kilo 25 ya unga ku mwezi. Ku mwaka ni kilo 300. Nusu hekta ya mahindi, hata bila angre nyingi, mvua ikiwa nzuri inaweza kutoa kilo 400 ao 500. Maana yake mzee na bibi yake, wakipanda mu mwezi wa 11 na kuvuna mu mwezi wa 4, wanaweza kujirudishia ile poso ambayo kampani ilikata. Hakuna pansioni inayofanya hivyo. Na mwaka 2024, ukame ulipopiga Zambia na bei ya unga ikapanda ku kwetu, ni nani aliyelala usingizi? Ni yule aliyekuwa na mahindi yake mu magunia. Kando ya mahindi anaweka viazi, sombe, lengalenga. Kuku wachache wanajitafutia. Nyama inakuwa ya siku kubwa, kapenta inatosha siku zingine. Wazee hawa hawasemi wanateseka. Wanasema: « Tunakula bya kwetu. »

Lakini udongo unaenda mbali. Kandokando ya Kolwezi, Fungurume na Likasi, konsesyo za migodi zimechukua nafasi ya mashamba mengi, na bei ya ile inayobaki inapanda kila mwaka. Mfanyakazi wa leo anayefikiri atatafuta shamba akifika miaka 60, atalikuta mbali na miguu yake na mbali na mfuko wake. Anunue sasa, kidogo kidogo, na mbele ya kulipa aulize ku kadastre kama ile udongo haiko ndani ya konsesyo ya mtu.

Kitu kingine kinachotenga wale wazee wawili ni madeni. Wote tunajua banki lamberi: anakopesha leo, anadai mwisho wa mwezi karibu nusu juu, na anashika karta yako ya banki kama rehani. Mzee aliyeingia humo, pansioni yake haifike tena nyumbani. Inatoka ku gishe na kuingia mu mfuko ya mwengine. Mara nyingi haikukuwa sababu ya starehe. Ni matanga, ni hospitali, ni mahari ya mtoto. Ndiyo sababu likelemba ya wazee kumi wanaoaminiana, hata ya franga kidogo, ina maana kuliko tunavyofikiri: siku ya kifo kuna mahali pa kukimbilia mbele ya lamberi.

Sasa tuje ku bana ba kazi wa leo. Wengi wenu hamuko tena ku kampani moja mpaka uzee. Muko ku sutreta, kontra ya miezi sita, miezi tatu, halafu kampani nyingine, jina lingine. Chini ya sheria ya 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii, mfanyakazi anakatwa 5% ku mshahara kwa ajili ya pansioni, na patro anaongeza 5% ya kwake. Ku karatasi yako ya mshahara ile 5% inaonekana. Swali ni moja: ilifika CNSS? Kukatwa ni kitu kimoja, kutangazwa na kulipwa ni kitu kingine. Patro akikata bila kupeleka, utakuja kujua siku ya kutoka, na labda kampani yenyewe imekwisha kufunga na bwana wake amerudi ku kwao. Pata namba yako ya CNSS, uende kuuliza ku ofisi hata mara moja ku mwaka, na ukikuta miezi inapotea, upeleke jambo ku sindika na ku ankado ya kazi wakati shahidi zako wangali karibu. Karatasi zote za mshahara, kila kontra, ziwekwe pamoja, mbali na panya na mvua.

Na bibi ajue ziko wapi. Hili tunalisema kwa nguvu, kwa sababu sheria inampa mjane na yatima haki ku pansioni ya aliyekufa, lakini inaomba kuonyesha karatasi. Kuko wamama walioishi na bwana miaka 40, waliozaa naye watoto nane, lakini ndoa haikuandikwa ku komini. Siku ya matanga, famiya ya bwana inakuja kuchukua vitanda, na ku gishe wanamuuliza mama: « Iko wapi akte ya mariaje? » Hana. Kuandikisha ndoa ku komini hakuombe feza nyingi. Kunaomba bwana awe mzima.