Waliosota na Mawe Nao Wataitwa

Ukitoka Tumbe, pale dikoni panaponadiwa samaki, si mwendo mrefu kufika magofu ya Chwaka, penye kaburi linaloitwa la Haruni. Wazee wa Pemba husimulia kwamba Haruni alikuwa mwana wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini, mtu aliyepewa jina la kukama hata madume kwa jinsi alivyowakamua raia. Akawatwika mawe ya ngome yake, nao wakayapeleka huku wakisota kwa makalio. Jina lake tunalo, na kaburi la mwanawe tunalo. Waliosota na mawe, nani awajuaye?

Naandika kwa ajili ya hao, ndugu wasomaji, maana wapo Wakristo wenzangu wasemao hukumu ya mwisho ni habari ya kutishia watoto, na kwamba wadhalimu huhukumiwa na historia, basi yatosha. Haitoshi! Tazameni utumwa. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja. Ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na mashamba yake yakataka watu. Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini kuyafunga masoko ya watumwa, lakini majahazi yakazidi kuwashusha watu Pemba kwa siri. Sheria ya kuuondoa utumwa ikaja 1897, baada ya karibu miaka 24. Aliyefia shambani mwaka 1880, sheria hiyo ilimfaa nini? Karatasi ya Sultani haishuki kaburini.

Sisi twamngoja Hakimu afufuaye. Jirani zetu Waislamu nao huitaja Kiyama, na jambo hili twaweza kuliongea barazani bila kugombana. Lililo la imani yetu ni kwamba Hakimu huyo mwenyewe alisimamishwa mbele ya liwali wa Rumi, akapigwa mijeledi, akatundikwa kati ya wahalifu. Uzito wa jiwe anaujua kwa mgongo wake.

Wala tusidhani hukumu hiyo ni ya wengine. Wareno walioiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505 walikuwa wamebatizwa kama sisi. Someni Ufunuo sura ya 18: bidhaa za Babeli zahesabiwa, dhahabu, mvinyo, ngano, farasi, na mwishoni kabisa roho za watu. Na miongoni mwa wanaoulilia mji ule wamo wafanyabiashara, waliokuwa wakipata faida.

Basi anayemngoja Hakimu huyo hashiki panga kujilipizia kisasi, wala hafumbi mdomo jirani anapoonewa. Na kama yuko kijana aliyemvutia nyavu au kumchumia karafuu, na ujira wake bado ameushika, ampelekee leo, kabla jua halijachwa, kama Torati ilivyoagiza.